Mwongozo Kamili wa Kuanza Kuvua Trauti kwa Nzi Bandia

Trauti ni samaki wa maji baridi, safi na yenye oksijeni nyingi, na sehemu kubwa ya chakula chake ni wadudu, wengine wadogo kuliko punje ya mchele. Chambo cha ukubwa huo hakina uzito wa kuuvuta mshipi wa kawaida hata hatua mbili, na kukitia chubwi ni kukiharibia mwendo wake. Hapo ndipo ulipozaliwa ufundi huu: uzito huwekwa katika mshipi wenyewe, na mshipi ndio unaombeba nzi bandia, yaani ndoana ndogo iliyoviringishiwa manyoya na sufi mpaka ikafanana na mdudu.

Ufundi wenyewe ni wa kale. Wamakedonia walikuwa wakivua hivyo zaidi ya miaka 1,800 iliyopita, kwa ndoana iliyofungwa sufi nyekundu na manyoya mawili ya jogoo. Ufito wao ulikuwa na urefu wa futi sita, na uzi wao futi sita vilevile, wala hawakuwa na namna ya kurusha mbali; na samaki waliwapata. Nimeanza na habari hiyo kwa sababu wanaoanza leo hutumia miezi wakijifunza kurusha mbali, ilhali trauti wengi hunaswa ndani ya mita 10 kutoka miguuni mwa mvuvi. Kazi halisi ni kumfanya nzi aelee kana kwamba hakufungwa kwa kitu chochote, na kila hatua iliyomo katika mwongozo huu, kuanzia uchaguzi wa mshipi hadi mahali pa kusimama, inaitumikia kazi hiyo.

Kabla ya kununua vifaa

Anza na kibali. Mito na maziwa yenye trauti huwa na masharti kuhusu msimu, idadi na urefu wa samaki wanaoruhusiwa kuchukuliwa, na aina ya chambo. Soma masharti ya mto wenyewe unaokusudia kuuvua, usitosheke na kanuni za jumla, kwa maana mito miwili inayokutana inaweza kutawaliwa na masharti tofauti. Kuna sehemu zilizotengwa kwa nzi bandia peke yake, kuna zinazokataza ndoana zenye kijino, yaani kile kicha kidogo cha nyuma kinachoizuia ndoana isichomoke, na kuna zinazotaka kila samaki arudishwe majini akiwa hai.

Kisha tafuta kipimajoto kidogo cha kutumbukiza majini. Wachache hukihesabu kuwa kifaa cha uvuvi, lakini kwangu mimi kinatangulia hata rili, yaani kigurudumu cha mshipi. Trauti hula vizuri zaidi maji yakiwa kati ya nyuzijoto 10 na 16 za Selsiasi. Maji yakiwa baridi sana mwili wake hufanya kazi polepole, naye huhitaji chakula kidogo. Maji yakifika nyuzijoto 20 huwa katika shida ya aina nyingine, kwa sababu maji ya moto hushika oksijeni kidogo wakati uleule ambapo mwili wake unaihitaji zaidi. Samaki aliyepiganishwa katika maji hayo anaweza kuogelea vizuri akiachiwa, kisha akafa baadaye bila mtu kumwona. Kwa hiyo siku za joto nenda alfajiri, siku za baridi kali subiri adhuhuri, na kipimo kikisoma 20 au zaidi kunja mshipi wako.

Ufito, mshipi na rili

Fito na mishipi ya uvuvi huu hupangwa kwa namba, na namba hiyo inaeleza uzito wa mshipi. Mshipi wa namba 5, kwa mfano, una uzito wa gramu 9 hivi katika mita 9 za mwanzo. Ufito ulioandikwa 5 umetengenezwa ili upinde inavyopaswa ukibeba uzito huo, kwa hiyo ufito, mshipi na rili sharti vilingane. Kwa anayeanza, ufito wa namba 5 wenye urefu wa futi 9, yaani mita 2.7, unafaa karibu kila mahali penye trauti. Ikiwa utavua vijito vyembamba vilivyofunikwa na matawi peke yake, chagua namba 3 au 4 wenye urefu wa mita 2.3 hivi. Uwe ni ufito unaopinda hadi katikati. Ule mgumu unaopinda nchani tu hudai usahihi wa wakati ambao mkono mgeni haujaupata bado, ilhali ule laini kiasi hukufanya uusikie mshipi unapojinyoosha nyuma yako.

Fedha yako, kama ni ya kuhesabu, itangulie kwenye mshipi. Mshipi mbovu huufanya ufito mzuri uonekane mbovu, lakini mshipi mzuri huweza kuuokoa ufito wa kawaida. Tafuta ulioandikwa WF5F: herufi mbili za mwanzo zina maana kwamba uzito umelundikwa sehemu ya mbele, 5 ni namba yake, na F ya mwisho inaonyesha kwamba huelea. Urefu wake huwa mita 27 hivi, na nyuma yake hufungwa uzi wa akiba wa mita 50 au zaidi, utakaokufaa siku samaki mkubwa atakapokimbia kuliko ulivyotazamia. Rili kwa trauti ni kigurudumu cha kutunzia mshipi tu. Iwe nyepesi, na breki yake iachie bila kushtuka.

Mbele ya mshipi hufungwa uzi wa nailoni usioonekana kwa urahisi, ambao hapa nitauita uzi wa mbele. Urefu wake wa kawaida ni mita 2.7, nao ni mnene upande wa mshipi na huendelea kupungua unene hadi nchani. Umbo hilo lina sababu: nguvu iliyotoka kwenye mshipi hupita ndani yake na kupungua kidogo kidogo, hata nzi akatua majini kwa upole. Kila unapobadilisha nzi unakata kipande cha sehemu nyembamba, kwa hiyo huongezwa uzi wa ncha wenye unene uleule, nusu mita au zaidi. Unene huandikwa kwa namba na herufi X, na namba ikikua uzi huwa mwembamba: 3X ni milimita 0.20, 4X ni 0.18, 5X ni 0.15, na 6X ni 0.13. Njia rahisi ya kuchagua ni kuigawa namba ya ndoana, inayoonyesha ukubwa wake, kwa 3. Ndoana ya 12 hupata 4X, na ya 18 hupata 6X. Ukitia uzi mnene kwenye nzi mdogo, uzi ndio utakaomwamuru nzi aende wapi badala ya maji.

Vitu vidogo vilivyobaki ni miwani inayoondoa mng'ao wa maji, ambayo pia huyalinda macho dhidi ya ndoana. Kofia yenye ukingo. Kikata kucha cha kukatia uzi. Koleo nyembamba ya kuchomolea ndoana. Mafuta ya kumpaka nzi anayeelea. Na wavu wa mkono ambao nyuzi zake ni za mpira, usiokwangua ute wa samaki. Tahadhari moja haipaswi kusahauliwa: fito nyingi za leo ni za kaboni, na kaboni hupitisha umeme. Usiubebe wima chini ya nyaya za umeme, na ukisikia radi hata ya mbali, ulaze chini na uondoke ukingoni.

Mafundo mawili yanatosha kuanzia

Dukani wanaweza kukufungia uzi wa akiba na mshipi kwenye rili, na mishipi mingi huja na kitanzi mbele cha kuunganishia uzi wa mbele, kitanzi kwa kitanzi. Hivyo yanakubakia mafundo mawili, ambayo inafaa uyajue hata gizani.

La kwanza ni la kumfungia nzi. Pitisha uzi katika tundu la ndoana, uzungushe mara tano kuzunguka uzi uliotokea, kisha urudishe ncha na kuipenyeza katika kitanzi kidogo kilichobaki karibu kabisa na tundu. Hapo kitakuwa kimejitokeza kitanzi kikubwa. Ipenyeze ncha humo pia. Lilowanishe fundo kwa mate, livute polepole mpaka likaze, kisha ukate mabaki. Mate si mazoea tu: nailoni kavu inapojisugua hupata moto, na moto huo huidhoofisha.

La pili ni la kuungia uzi wa ncha. Zilaze nyuzi mbili sambamba, zipishane kwa sentimita 15. Zishike pamoja kama uzi mmoja, fanya kitanzi, na upitishe ncha zote za upande mmoja ndani ya kitanzi hicho mara tatu. Lowanisha, kisha vuta ncha zote nne kwa pamoja. Fundo lolote lililojikunja vibaya lifunge upya, hata kama samaki anaruka mbele yako.

Nzi bandia wa kuanzia

Wadudu wa majini wanaomlisha trauti huanza maisha chini ya mawe. Wapo wenye mabawa yaliyosimama kama tanga, ambao wakishapata mabawa huishi siku moja au chache tu. Wapo ambao wakiwa mabuu hujijengea nyumba ya mchanga na vijiti. Na wapo wenye mikia miwili wanaopenda maji ya kasi. Mdudu wa namna hizi hukaa chini kwa miezi, na baadhi yao hata mwaka au zaidi, akiwa tunutu au buu, kisha hupanda juu kwa muda mfupi, hutaga mayai na kufa. Kwa hiyo nzi wako wawe wa makundi mawili makuu, yaani wa kuelea na wa kuzama, na wa kuzama ndio watakaokupatia samaki wengi zaidi.

Kwa wa kuelea, chukua Adams wa ndoana namba 14 na 16, na Elk Hair Caddis namba 14. Kwa wa kuzama, chukua Pheasant Tail na Hare's Ear namba 14 na 16, baadhi yao wakiwa na ushanga wa metali kichwani wa kuwazamisha. Ongeza Woolly Bugger mmoja au wawili, namba 8 au 10, wanaofanana na samaki wadogo na ruba. Kumbuka kwamba namba ya ndoana ikikua, ndoana hupungua. Nunua watatu wa kila aina, kwa sababu miti itakunyang'anya, na vijino vyote vilaze kwa koleo kabla ya kufika mtoni.

Kabla ya kumfunga yeyote, inua jiwe lililo majini, ligeuze na utazame waliojishikilia chini yake, kisha ulirudishe lilipokuwa. Ukubwa wao ndio habari muhimu kuliko zote, ikifuatwa na umbo. Rangi ni ya mwisho.

Kujifunza kurusha

Jifunzie kwenye majani, si mtoni, kwa maana mtoni utamtazama samaki badala ya kuutazama mshipi. Usitumie sakafu ya saruji wala changarawe, zitaukwangua mshipi. Badala ya nzi funga kipande cha sufi yenye rangi kali, vaa miwani, na utoe mita 6 hadi 9 za mshipi mbele yako. Robo saa kila siku kwa wiki mbili inazidi saa nne za siku moja, kwa kuwa mkono ukishachoka hujifunza makosa.

Shika mpini kwa upole, kidole gumba kikiwa juu, na mshipi ukipita chini ya kidole cha shahada. Sasa jione kwa ubavu, kama mtu aliyesimama mbele ya uso wa saa akitazama kushoto, ufito ukiwa ndiyo mkono wa saa. Mrusho wote hufanyika kati ya tarakimu 10, iliyo mbele yako, na tarakimu 1, iliyo nyuma kidogo ya bega. Anza ncha ya ufito ikiwa chini na mshipi umenyooka, kwa sababu mshipi uliolegea hula nusu ya mwendo wako kabla haujaanza kusogea. Inua polepole, ongeza kasi bila kukatisha, kisha usimame ghafla ufito ufikapo kwenye 1. Hapo ngoja. Mshipi unapita juu ya ncha, unafanya kitanzi na kujikunjua nyuma yako. Unapokaribia kunyooka kabisa, na kabla haujaanza kuanguka, sukuma mbele kwa namna ileile, polepole kisha kwa kasi, na usimame ghafla kwenye 10. Lenga hewani, mita moja hivi juu ya maji, ili mshipi unyooke hewani na nzi ashuke mwenyewe. Kisha ushushe ufito taratibu ukiufuata mshipi.

Kila anayeanza hudhani nguvu inatoka katika kupiga. La, inatoka katika kusimama. Ufito uliopinda unaposimamishwa ghafla hujinyoosha, na kujinyoosha huko ndiko kunakoutupa mshipi. Asiyesimama anaufuta mshipi hewani kama anayefukuza ndege shambani, nao humwangukia kichwani. Kwa hiyo ukiona mrusho umelegea, usiongeze nguvu. Ongeza ukali wa kusimama.

Makosa matatu yatakutembelea, na kila moja lina dalili yake. Ukisikia mlio kama wa mjeledi nyuma yako, hukungoja, umeanza kusukuma mbele kabla mshipi haujanyooka, na mlio huo mara nyingi ndio unaomkata nzi. Geuza kichwa uutazame mshipi ukijinyoosha, wala usione haya. Wavuvi wazoefu hufanya hivyo. Kumbuka pia kwamba mshipi ukiwa mrefu zaidi, kungoja nako kuwe kurefu zaidi. Kitanzi kikiwa kipana kama mlango, kifundo cha mkono kinapinda kupita kiasi na ncha ya ufito inachora upinde badala ya mstari mnyoofu. Chomeka kitako cha ufito ndani ya mkono wa shati lako, na kifundo hakitaweza kupinda. Tatu, kitanzi kikijikata chenyewe na mafundo madogo yakajifunga katika uzi wa mbele, umeweka nguvu mapema na kwa ghafla. Panga kasi iongezeke kwa ulaini hadi mwisho. Mafundo hayo yanaweza kuondoa karibu nusu ya nguvu ya uzi, kwa hiyo ukiyaona, kata na ufunge upya.

Mrusho wa pili unaohitaji ni wa kuviringisha, kwa sehemu zenye miti nyuma yako. Huu hujifunzwa majini, kwa sababu unategemea maji yaushike mshipi. Uvute mshipi polepole kuelekea kwako juu ya maji, ufito uinuke mpaka upite bega kidogo, na mshipi uning'inie nyuma ya ufito kama tumbo la herufi D. Simama kidogo, kisha sukuma mbele na usimame ghafla. Mshipi utajiviringisha juu ya maji mpaka mwisho bila kwenda nyuma hata kidogo.

Kuyasoma maji na kumkaribia samaki

Trauti anataka mambo matatu: mahali pa kukaa bila kutumia nguvu nyingi, chakula kinachopita karibu, na mahali pa kujificha. Panapopatikana yote matatu, chukulia kwamba yupo. Tafuta mshono, yaani mstari ambapo maji ya kasi yanapakana na maji ya polepole. Samaki hukaa upande wa polepole na kuchukua chakula kutoka upande wa kasi. Tafuta nyuma ya mwamba, na mbele yake pia, ambapo maji hugonga na kutengeneza mahali tulivu, kama mto wa kulalia, ambapo wengi hupapita bila kupavua. Tafuta chini ya kingo zilizoliwa na maji, ambako trauti wa hudhurungi hupenda kujificha mchana, na pale maji yanapoacha kokoto na kuingia kilindi. Povu linalosafiri kwa mstari linakuonyesha njia ya chakula, kwa kuwa mkondo unaokusanya povu ndio unaokusanya wadudu.

Kwa kawaida trauti huelekeza kichwa kule maji yanakotoka, hivyo umkaribie kutoka nyuma, yaani kutoka upande maji yanakokwenda. Anavyoona kutoka chini ya maji ni jambo linalostahili kufikiriwa. Mwanga unaopinda kwenye uso wa maji humwachia dirisha la mviringo juu ya kichwa chake, lenye upana wa zaidi kidogo ya mara mbili ya kina alichomo. Akiwa katika kina cha mita 1, dirisha lake lina upana wa mita 2.3 hivi, na vitu vilivyo chini kabisa ya upeo hubanwa kwenye ukingo wake visionekane vizuri. Kwa hiyo inama, piga goti, usijitokeze dhidi ya anga, na usiache kivuli chako wala cha ufito kimpitie. Vilevile ana mstari wa fahamu ubavuni unaosikia mitikisiko ya maji, ndiyo maana kukanyaga kwa kishindo ukingoni humkimbiza kabla hujamwona.

Kabla ya kutia mguu majini, vua kwanza maji ambayo ungeyakanyaga. Samaki wa kando aliyeshtuka hukimbilia kilindini na kuwashtua wengine wote.

Kumfanya nzi aelee huru

Simama chini ya samaki, yaani upande maji yanakokwenda, na pembeni kidogo, urushe kwa mshazari kuelekea juu, maji yanakotoka, ili uzi wa mbele tu umpitie na mshipi wenyewe ubaki kando. Nzi atue mita moja au mbili juu ya mahali unapodhani samaki yupo. Anapokuja na maji, kusanya mshipi unaolegea kwa mkono wa pili, kwa kasi ileile ya maji, bila kumvuta.

Sasa mtazame nzi pamoja na kiputo cha povu kilicho karibu naye. Vikisafiri pamoja, mambo ni mema. Nzi akikitangulia kiputo, akibaki nyuma, au akiacha mchirizo mwembamba juu ya maji, anaburuzwa, na trauti aliyewahi kuvuliwa atamkataa. Sababu karibu kila mara ni ileile: kati yako na nzi kuna maji yanayokwenda kwa kasi tofauti na maji aliyomo nzi, yanaufanya mshipi uwe na tumbo, na tumbo hilo linamvuta. Dawa ya kwanza na bora kuliko zote ni kubadili mahali unaposimama. Hatua mbili za kusogea mara nyingi huondoa tatizo ambalo ufundi wa mkono usingeliondoa. Dawa ya pili ni kuinua ufito ili mshipi mwingi usiguse maji ya kasi. Dawa ya tatu ni kulipindua tumbo la mshipi: mara tu nzi anapotua, chora nusu duara kwa ncha ya ufito ukiutupa mshipi upande maji yanakotoka, bila kumsogeza nzi. Ukifanikiwa kupata mita mbili za kuelea huru, umepata za kutosha. Trauti mara nyingi huamua katika umbali mfupi kuliko huo.

Anza na maji ya karibu, kisha sogeza kila mrusho nusu mita mbele, kama anayefyeka shamba kwa mistari. Samaki akikataa mara tatu, mpumzishe kabla ya kumbadilishia nzi, tena badilisha kwa kupunguza ukubwa kwanza.

Usipomwona samaki akila juu, vua chini. Funga nzi wa kuzama mwenye ushanga, na juu yake kwenye uzi weka kiboya kidogo, kwa umbali wa mara moja na nusu ya kina cha maji. Nzi aguse chini mara mojamoja. Asipogusa kamwe hajafika samaki walipo, na akikwama kila mara ana uzito kupita kiasi. Kanuni ya kuelea huru ni ileile, isipokuwa sasa unakitazama kiboya. Mwisho wa kila mrusho, acha mshipi ukazwe na maji na nzi ainuke, kwa sababu mdudu anayepanda kwenda kugeuka humvutia trauti sana. Woolly Bugger peke yake ndiye asiyefuata kanuni hii: huyo mrushe kukingama mto na umvute kwa mivuto mifupi.

Kunasa na kupigana

Samaki akimchukua nzi anayeelea, inua ufito kwa uthabiti, bila kukutua. Kwa nzi wa kuzama, inua kila kiboya kinaposita, kinapozama au kinapogeuka. Mara nyingi litakuwa jiwe, na hiyo ndiyo bei ya kutomkosa samaki, kwani trauti huweza kumtema nzi ndani ya sekunde moja.

Akishanaswa, uache ufito upinde ufanye kazi. Akikimbia, ondoa mkono kwenye rili na umwache avute. Akisimama, rudisha mshipi. Akiruka, shusha ufito kidogo uzi ulegee. Mvute kwa ubavu, kinyume cha upande anaoelekea, badala ya kumvuta juu tu, na umalize mapema. Uzi wa 5X huhimili kilo 2 hivi, kwa hiyo unaweza kubana kuliko woga wako unavyokuambia, na samaki aliyechoshwa kidogo ndiye anayeishi.

Kumshika na kumwachia

Lowanisha mikono kabla ya kumgusa, kwa sababu mkono mkavu huondoa ute unaomkinga na maradhi. Mweke ndani ya wavu, wavu ukiwa majini, na umchomoe ndoana hukohuko kwa koleo. Usimbane tumbo na usiguse matamvua. Katika jaribio moja lililochapishwa mwaka 1992, trauti wa upinde wa mvua waliochoshwa kisha wakarudishwa majini moja kwa moja walikufa asilimia 12 ndani ya saa 12. Waliowekwa hewani kwa sekunde 60 baada ya kuchoshwa walikufa asilimia 72. Takwimu hizo zilibadilisha kabisa namna ninavyowatendea samaki. Ukitaka picha, andaa kamera kwanza, mwinue kwa sekunde chache akiwa bado anadondosha maji, kisha umrudishe. Mshike akielekea mkondo wa upole mpaka aondoke kwa nguvu zake mwenyewe. Usimsukume mbele na nyuma.

Ikiwa sheria inaruhusu na unakusudia kumla, mpige utosini kwa kitu kizito mara tu anapotoka majini, umtoe matumbo mapema na umweke penye baridi. Kumwacha ajifie polepole ni ukatili usio na faida.

Kutembea majini na kurudi nyumbani

Usiingie maji yanayozidi mapaja, na usiingie kabisa maji ambayo huoni chini yake. Tembea kwa kuburuza mguu mmoja baada ya mwingine, ubavu ukielekea mkondo, fimbo ya mkono ikiwa upande maji yanakotoka. Suruali ya mpira inayofika kifuani ifungwe mshipi wa kiuno uliokazwa, usioingiza maji. Ukianguka katika maji ya kasi, lala chali, miguu ikitangulia kuelekea maji yanakokwenda, na ujisogeze ukingoni. Usijaribu kusimama mpaka maji yawe haba, kwa sababu mguu ulionaswa kati ya mawe ndio unaozamisha watu.

Ukitoka mtoni, ondoa tope na majani kwenye viatu, wavu na suruali, uvioshe kwa maji ya sabuni na uvikaushe. Mwani na vimelea vya maradhi ya trauti husafiri kutoka mto hadi mto katika unyevunyevu wa vifaa, na ndiyo sababu New Zealand ilipiga marufuku soli za sufi iliyoshindiliwa mwaka 2008, kwa kuwa hazikauki upesi. Vikishakauka kwa kuguswa, viache saa 48 nyingine kabla ya kuviingiza katika mto mwingine. Uupanguse mshipi kwa kitambaa chenye maji ya uvuguvugu, wafungue nzi waliolowa wakauke nje ya kisanduku, na usiufunge ufito ndani ya mfuko wake ungali na maji.